UZI: Vijana wetu upepo wanaujua, tunapopigwa ni dakika 5 kabla ya resi kuanza (mbio za matanga na ubao wa tanga)

Mtoto wa Msasani (mwanzisha uzi):

Wakuu habari za muda huu. Hili jambo limenikaa moyoni muda mrefu leo acha niliseme maana kila yakifika mashindano makubwa ya Afrika au ya kanda tunabishana soka na riadha, hakuna anayegusa matanga, wakati nusu ya jiji hili imekaa pembeni ya maji.

Naanza na mpwa wangu. Ana miaka 13, kakulia huku huku Msasani, baba yake mvuvi, dogo ukimuuliza upepo utageuka saa ngapi anaangalia vilele vya minazi anakujibu na mara nyingi anapatia. Kuna klabu moja ikawachukua yeye na wenzie kuwafundisha Optimist, vile viboti vidogo kama beseni vya watoto mpaka miaka 15. Siku ya mashindano yao ilikuwa kusi, upepo umesimama vizuri, boti 15. Dogo akatoka mbele tangu mwanzo, boya la kwanza yeye, la pili yeye, familia nzima tuko ufukweni mama yake kavua kanga anaipunga. Akavuka mstari wa mwisho wa kwanza kabisa.

Kimya. Honi haikulia.

Akageuka kuangalia boti ya kamati, wale watu wanaandika tu. Boti ya pili ikavuka, pooo, honi. Ya tatu, pooo. Nilimuona dogo kaachia tanga linapigapiga tu, kakaa katikati ya maji hajui afanye nini. Jioni karatasi ya matokeo inabandikwa mbele ya jina lake kuna herufi tatu, OCS. Maana yake wakati honi ya kuanza inalia pua ya boti yake ilikuwa imeshavuka mstari, na hakurudi kuanza upya. Akapewa pointi 16, idadi ya boti jumlisha moja, yaani zaidi ya aliyefika wa mwisho. Na kwenye matanga pointi nyingi ndio mbaya, wa kwanza anapata 1, wa pili 2 na kuendelea.

Kilichoniuma sio kukosa zawadi. Kilichoniuma ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kukaa naye akamwelekeza ile dakika 5 vizuri. Walimfundisha kuendesha, kitu alichokuwa anakijua kabla hajaenda.

Ngoja nieleze kwa wasiojua. Resi ya matanga haianzi kama mbio za miguu kwamba mmesimama mnasubiri bunduki, boti haisimami. Mstari ni wa kufikirika tu, kutoka mlingoti wa boti ya kamati mpaka boya. Dakika 5 kabla inapandishwa bendera ya daraja lenu, yaani aina ya boti yenu, na honi moja. Dakika 4 inapanda ya pili, mara nyingi ile ya bluu yenye mraba mweupe katikati. Dakika 1 hiyo ya pili inashuka kwa honi ndefu. Sifuri inashuka ya kwanza, honi, nendeni. Ndani ya hizo dakika boti zote zinazunguka pale nyuma ya mstari, kila mtu anatafuta nafasi yenye upepo safi, anahesabu kichwani, anakaba kasi bila kuipoteza. Ukivuka mapema inapanda bendera nyeupe yenye msalaba wa bluu na honi moja zaidi, unatakiwa urudi. Mpwa wangu ile honi ya pili aliisikia, akajua ndio ya kumshangilia.

Na kuna mkondo. Siku ile maji yalikuwa yanajaa, na ghuba yetu mdomo wake uko kaskazini, maji yakijaa yanaingia kuelekea kusini. Upepo wa kusi unatoka huko huko yanakoelekea maji, kwahiyo mkondo unakusukuma juu ya mstari hata ukiwa umeachia tanga lote. Dogo anaijua hiyo habari kuliko mimi, angeambiwa tu "mstari uko hapa na saa ndio hii" asingekosea.

Hoja yangu wakuu: tunaposema tupeleke vijana kwenye mashindano ya kanda wote tunakimbilia boti, hatuna boti hatuna boti. Mi naona tuanze na saa, bendera na kamba mbili za kuwekea maboya. Wenye uzoefu karibuni.

---

Mbongo Halisi:

Mkuu nimekusoma na pole ya dogo, ila niseme ukweli wangu. Huu mchezo ni wa wenye nazo. Medali zetu 2 za Olimpiki zote zimetoka kwenye riadha, Bayi na Nyambui, Moscow 1980. Basi kidogo kilichopo tukipeleke kule tunakoweza. Boti moja mpya ya mashindano unanunua bodaboda kadhaa, nani atamnunulia mtoto wa mvuvi?

---

Mtoto wa Msasani:

Mkuu Mbongo hoja yako naiheshimu, hela ni kikwazo kweli. Lakini angalia jirani zetu Msumbiji, hawana utajiri wa kutuzidi. Michezo ya Afrika ya 2011 ilitakiwa ifanyike Lusaka, Zambia wakajitoa, Maputo wakaichukua na matanga yakawemo. Miaka 10 baadae kwenye Olimpiki ya Tokyo Msumbiji wana wasichana watatu kwenye matanga. Denise Parruque na Maria Machava walikuwa boti moja, 470, ile ya watu wawili. Na Deizy Nhaquile alikuwa peke yake kwenye Laser Radial, boti ya mtu mmoja, na Paris 2024 akawa miongoni mwa walioshika bendera ya nchi. Bahari ni hii hii moja, kusi linalopiga Maputo ni jamaa wa linalopiga hapa.

Shelisheli nao, nchi ya watu kama laki moja tu, Kinondoni peke yake inawazidi mbali. Allan Julie kaenda Olimpiki mara kadhaa na Laser, kuanzia 1996. Akafuata Rodney Govinden, Rio na Tokyo. Sio bahati hiyo, ni mtoto anamuona kaka yake anafanya na yeye anafanya.

---

Fundi Ngalawa:

Asalaam aleykum ndugu zangu. Mimi natengeneza ngalawa na mashua huku Kigamboni mwaka wa 22 sasa, naomba nichangie kwa ninachokijua mkono wangu.

Kwanza boti. Hiyo Optimist msiiogope. Mzungu mmoja wa Florida, Clark Mills, aliibuni mwaka 1947 kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao hawana hela, akaichora itoke kwenye plaiwudi 2 tu za futi 4 kwa 8, ndio maana mbele imekatwa bapa vile, ni plaiwudi ilikuwa imeisha. Urefu mita 2.3 na uzito kilo 35. Fundi yeyote anayejua kuunganisha mbao zisivuje anaitengeneza. Ya mashindano makubwa ina vipimo vyake lazima ipite kwenye ukaguzi, hiyo ni habari nyingine, ila ya kujifunzia kuanza na kumaliza resi inatosha kabisa. Mimi nimeshatengeneza 3, zipo zinaelea.

La pili ndio kubwa zaidi na sijaona mtu analisema. Vijana wa ngalawa wanakuja na tabia moja ambayo kwenye resi za kizungu inawaua, na sio kosa lao, ni chombo kimewafundisha. Ngalawa ikibisha, yaani ikipanda kuelekea upepo unakotoka, haipitishi omo (pua yake) kwenye upepo. Ukitaka kugeuka unaenda kinyume, unaachia, unazungusha tezi (nyuma ya chombo) kwenye upepo, mtu mmoja anakimbia mbele na foromali, ule mti unaobeba tanga, anaipitisha mbele ya mlingoti, ndio unakamata upande wa pili. Hapo umeshapoteza maji mengi umerudi nyuma. Kwahiyo nahodha mzuri wa ngalawa hageuki geuki ovyo, anachukua upande mmoja mrefuuu mpaka afike ndio ageuze mara moja.

Sasa huyo huyo mpandishe Laser. Laser unasukuma usukani, unainama chini ya boriti, sekunde 3 uko upande wa pili. Lakini mwili wake haukubali, atakwenda upande mmoja mpaka karibu na mwamba wakati watoto wa klabu wanageuza kila upepo ukihama kidogo, upepo ukiwapa wanaendelea, ukiwanyima wanageuka. Anafika boya la juu, lile la upande upepo unakotoka, wa 9 anashangaa, mbona nilikuwa na mwendo kuwazidi.

Niliwahi kumkalisha kijana wangu mmoja siku nzima kwenye Laser nikamwambia leo huendi popote, geuza tu. Nimehesabu mpaka mara 60. Magoti yalimchubuka, mkono una malengelenge ya kamba. Wiki ya pili alikuwa mtu mwingine.

Faida ya ngalawa nayo ipo. Wale jamaa wanaotembea juu ya mrengu, ule mti unaotoka ubavuni, kwenda nje kuzuia ngalawa isilale, hiyo ndio kazi ile ile ya kwenye Laser unapochomeka miguu kwenye mkanda na kulalia nje. Mapaja na tumbo wanayo tayari. Na hawaogopi maji kuingia.

---

kusi_na_kaskazi:

Fundi umeniamsha, hii ya foromali sijawahi kuifikiria kabisa na nimeendesha Laser miaka mingi nawaona vijana wa ngalawa wanakwenda kombo najiuliza wanaona nini huko.

Niongezee kuhusu pointi maana Mtoto wa Msasani kagusia juu juu. Kwenye mashindano ya siku kadhaa hamkimbii resi moja, mnakimbia nyingi, na zikifika idadi fulani kila mtu anafutiwa ile moja iliyomharibikia zaidi. Chukulia boti 15, resi 6. Kijana A ni moto, anashinda resi 4, ila mbili kawahi mstari kapata 16 na 16. Inafutwa 16 moja, anabaki na 4 jumlisha 16, ni 20. Kijana B hajashinda hata moja, kapata 3, 3, 3, 2, 4, 3. Inafutwa ile 4, anabaki na 14. Dhahabu ya B. Kijana A kashinda resi 4 na kwenye jukwaa hayupo juu.

Mashindano mengi makubwa yana resi ya mwisho ya medali, pointi zake zinazidishwa mara mbili na haifutiki. Kwahiyo kocha wa kweli hafundishi kushinda tu, anafundisha kutoharibu. Vijana wetu wamelelewa na resi za ngalawa za siku moja, anayefika wa kwanza anabeba mbuzi, nyuma huko hakuna hesabu. Lazima wazoeshwe kwamba leo nafasi ya 4 ni mali.

---

Dada wa Kunduchi:

Naomba nami nipate nafasi. Mimi nilikuwa nacheza ubao wa tanga, ile mnayoita windisafingi, nikiwa na miaka 19 mpaka 24, baadae nikaacha.

Kuna mwanamke mmoja kila nikimkumbuka napata nguvu, Lee Lai-shan wa Hong Kong. Katoka kisiwa kidogo cha wavuvi kinaitwa Cheung Chau. Kwenye Michezo ya Asia alipata fedha 1990, fedha tena 1994, halafu katikati hapo Olimpiki ya Atlanta 1996 akachukua dhahabu, medali ya kwanza kabisa ya Olimpiki ya Hong Kong ya mchezo wowote. Ndio akarudi Michezo ya Asia 1998 Bangkok akabeba dhahabu. Msiangalie ile dhahabu ya Atlanta tu, angalieni zile fedha mbili za kwanza. Michezo ya kanda ndio ilimpikia. Mtu hatoki Kunduchi akaangukia Olimpiki, anapita kwenye mashindano ya majirani kwanza, anapigwa, anarudi, anapigwa, anarudi.

Sasa kuhusu ubao wenyewe. Watu wanadhani ni kusimama tu upepo ukupeleke. Upepo ukiwa mdogo sheria za ubao zinaruhusu kupampu, yaani unavuta tanga kwako unaachia, unavuta unaachia, unajitengenezea upepo wako mwenyewe. Kwenye boti nyingi kufanya hivyo ni kosa unaadhibiwa, kwenye ubao ndio mchezo. Resi ya dakika 25 unapampu mwanzo mwisho, mikono inakufa ganzi, unafika ufukweni huwezi kufungua chupa ya maji. Mimi mara ya kwanza nilitapika.

Na mambo yanabadilika haraka. Nilipoanza kila mtu anaongelea RS:X, ndio ilikuwa ya Olimpiki tangu Beijing 2008 mpaka Tokyo. Paris 2024 wakaleta iQFOiL, ubao wenye foili, bawa liko chini ya maji kama mita moja, ukipata mwendo ubao wote unanyanyuka juu unapaa hewani. Kwa huku kwetu hiyo inataka akili kwasababu wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yakipwa sehemu kubwa ya huku Kunduchi unatembea kwa miguu mpaka mbali, foili ikigusa mwamba unarushwa mbele kama umepiga tuta na pikipiki. Kwa hiyo mazoezi yafuate kalenda ya maji, sio kalenda ya ofisi.

Kwanini niliacha. Kulikuwa na safari ya mashindano nje, nikaambiwa nimechaguliwa, nikaomba ruhusa kazini, nikaaga nyumbani. Siku 4 kabla nikaambiwa nafasi imebaki ya mmoja na anakwenda kijana wa kiume kwasababu msichana akienda peke yake nani atamlinda. Hakuna aliyeniuliza kama nina mama mdogo kule, na ninaye. Ubao wangu niliufunga na kanga mbili nikauweka juu ya kabati, upo mpaka leo. Nimewasamehe lakini wadogo zangu wasipitishwe hapo.

---

Mtoto wa Msasani:

Dada wa Kunduchi pole sana dada yangu. Nimeisoma mara mbili. Ulichosema kuhusu fedha kabla ya dhahabu nimekinakili kwenye daftari nitamsomea mpwa wangu.

Naomba nikuulize kwa heshima, huo ubao bado mzima?

---

Zenji Mtulivu:

Skizeni nikwambieni. Mie niko Paje huku, kazi yangu kufundisha wageni kaiti, ile ya kupeperushwa na mwamvuli. Vijana wa Paje na Jambiani wa kaiti wako hodari kupita kiasi, wanaruka wanazunguka hewani, wageni wanabaki mdomo wazi. Lakini ukimwambia twende mbio, kuzunguka maboya, hawataki, wanasema haina ladha. Na kaiti ya mbio imo Olimpiki tangu Paris 2024, na mashindano ya Afrika ya ufukweni pale Sal, Cape Verde 2019, kaiti ilikuwemo, ile ya mitindo. Kwahiyo mlango uko wazi wa huku na wa huku.

Jengine linonikera. Kuna Michezo ya Visiwa vya Bahari ya Hindi, tangu 1979 ilipoanzia Réunion. Wamo Wamoris, Wamalagasi, Washelisheli, Maldivi, na ndugu zetu wa damu Wangazija, na matanga yamewahi kuwemo humo. Sie Unguja na Pemba hatumo. Mashua zetu na za Wangazija ni mafundi wale wale babu zao, halafu wao wanakutana na Shelisheli kila baada ya miaka kadhaa wanapimana, sie tunapimana na nani? Hata kwenda kualikwa tu kama wageni, vijana wakaona mstari wa watu 20 umekaa vipi, ingekuwa jambo kubwa. Fujo la mstari wa watu 20 huwezi kulifundisha ubaoni.

---

Mbongo Halisi:

Nimesoma michango yote nabadilisha kidogo msimamo. Kidogo lakini. Niulize swali la mtu asiyejua: boti 20 zinazunguka pale zinapishana vipi bila kugongana? Nani mwenye haki?

---

kusi_na_kaskazi:

Swali zuri sana mkuu na ndio sheria ya kwanza ya mtoto kuijua. Anayepokea upepo upande wake wa kulia ana haki, anayepokea kushoto anampisha. Mkiwa upande mmoja, aliye chini ya upepo ana haki, aliye juu kule goshini, upande upepo unakotoka, anakaa mbali. Ukikosea unajiadhibu mwenyewe palepale majini, unazunguka duara 2 kamili halafu unaendelea. Ukigusa boya duara 1. Hakuna refa wa kupuliza kipenga muda wote, ni wewe na dhamira yako, na ukikataa mwenzio anakupeleka kwenye kikao jioni mnaeleza mbele ya majaji na viboti vidogo vya kuchezea mezani mnaonyesha nani alikuwa wapi.

Hapo kwenye kikao ndio vijana wetu wanapoteza tena. Sio kwamba wamekosea, hawawezi kueleza. Nimeshuhudia kijana ana haki kabisa, kagongwa waziwazi, kikao kwa kiingereza cha haraka haraka, akasema "sawa yaishe". Akaondolewa kwenye ile resi. Kwahiyo Mtoto wa Msasani ongeza kwenye orodha yako: kufundisha kujieleza. Wafanye vikao vya majaribio kwa kiswahili kwanza mpaka wazoee kusimama na kusema nilikuwa hapa, upepo ulitoka huku, yeye alikuwa wapi.

---

Fundi Ngalawa:

Sasa hapo kwenye kiswahili naomba nisisitize. Goshi, demani, omo, tezi, bisho, foromali, haya maneno tunayo miaka na miaka. Mtoto anafundishwa kwa lugha ambayo hata mwalimu anaikokota wakati baba yake nyumbani anasema "bana joshi" na mtoto anaelewa mara moja. Mwalimu akisema kwa maneno ya baba yake atakwenda mara mbili haraka.

---

Mama wa Kawe:

Wanangu hamjambo. Mimi sijui matanga, najua kuogelea, nafundisha watoto kuogelea. Hamna hata mmoja kasema kuhusu kuogelea na jaketi. Watoto wengi wa pwani hii hawajui kuogelea sawasawa, wanajua kupigapiga maji karibu na ufukwe, kuna tofauti kubwa. Boti ya mtoto ikipinduka kati ya Bongoyo na rasi, mkondo ule unamchukua. Kabla hajashika kamba ya tanga aogelee mita 50 na nguo zake, aelee dakika kadhaa bila kushika kitu, na jaketi lifungwe buckle zote, sio kuvaliwa kama kizibao. Na boti ya injini iwepo majini na mtu macho yake yako kwa watoto sio kwa simu. Bila hivyo mimi nitakuja hapo ufukweni kuwazuia kwa mikono yangu.

---

Mtoto wa Msasani:

Shikamoo mama. Umesema kweli na naomba radhi nilipaswa kuanza na hilo.

Basi wakuu naona uzi umezaa jambo. Mi nina boya 2, kamba ya nanga, na honi ya gesi ya mkononi. Bendera mke wangu kakubali kuzishona, ile ya msalaba wa bluu ameshaanza, kitambaa kanunua Kariakoo. Mvuvi mmoja jirani anatoa boti yake ya injini Jumamosi asubuhi mafuta tuchange. Mazoezi yenyewe ni haya: hakuna resi nzima. Tunaweka mstari, tunahesabu dakika 5, wanaanza, wanakwenda mita 100, wanarudi, tunahesabu tena. Mara 10 asubuhi moja. Ngalawa, Optimist, chochote chenye tanga kinaruhusiwa, mstari haujali umepanda nini.

Fundi nakuomba zile Optimist zako 3. Mama wa Kawe nakuomba uje mapema na watoto wote wapite kwako kwanza, utakayemkataa habebi tanga siku hiyo.

Dada wa Kunduchi hujanijibu kuhusu ubao.

---

Fundi Ngalawa:

Zipo. Mbili nzima, moja inahitaji kuzibwa, namaliza Alhamisi. Nitazivuta kutoka Kigamboni na mashua nikizunguka kwa nje ya rasi, kwahiyo nategemea upepo, nikichelewa msinisubiri.

---

Mama wa Kawe:

Marahaba mwanangu. Nitakuwepo saa 12 na nusu.

---

Dada wa Kunduchi:

Samahani nilikuwa kazini. Nimepanda kwenye kabati jana usiku nimeushusha. Ubao mzima, tanga lina doa la ukungu na kamba moja imeliwa na panya, nitabadilisha. Mlingoti umenyooka. Jumamosi nakuja nao na wasichana 2 wa jirani, mmoja ana miaka 12 mwingine 14, wote wanaogelea, Mama wa Kawe utawapima mwenyewe. Mniambie tu maji yanajaa saa ngapi.

---

Mtoto wa Msasani:

Yanaanza kujaa saa 1 kasoro asubuhi, saa 3 mkondo utakuwa unasukuma juu ya mstari kama ule wa siku ya dogo. Mstari tunauweka hapo hapo makusudi.